Jinsi ya kujibu swali la viwanda, wahamiaji na miji bila kuyatenganisha

Wadogo zangu wa Kigoma mnaojiandaa na mtihani wa historia, swali la jinsi viwanda, wahamiaji na miji vilivyohusiana wengi wanaandika aya ya viwanda, aya ya wahamiaji, aya ya miji, basi wamemaliza, na hapo ndo maksi zinapotea maana mtahini anataka uone vinavyosukumana. Shika eneo moja tu halafu ujiulize: nani kaja, kasukumwa na nini, kalala wapi, hela yake kaitumia wapi.

Chukua Chicago, Marekani. Reli nyingi zilikutana pale, 1865 ikafunguliwa Union Stock Yards, yaani mazizi makubwa ya soko la mifugo, mifugo inashushwa na kuchinjwa hukohuko. Kazi ya bucha ikakatwa vipande vidogo vidogo, huyu anachuna tu, yule anatoa utumbo tu, siku nzima, kwa hiyo bosi hana haja na fundi anahitaji mikono mingi ya bei rahisi, na Waairishi, Wajerumani, baadaye Wapoli na Walithuania wakapata pa kuingilia hata Kiingereza hawajui. Sasa hao wanataka vyumba vya kupanga, mkate, viatu, usafiri, na kila kimoja hapo ni ajira nyingine inayomuita ndugu aliyebaki kwao. 1890 mji ulishapita watu milioni 1. Andika kwamba inazunguka, usiishie kwenye "viwanda vilileta watu".

Halafu lete nyumbani, hapa msiwe wavivu jamani. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914, ikakutana na bandari, na biashara iliyokuwa Ujiji tangu enzi za misafara ikaanza kuhamia kwenye reli. Makuli, wenye maduka, Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa, mji ukakua. Ila treni ileile ikabeba vijana wa Kiha kutoka Kasulu na Kibondo, kodi imewabana, wanaenda kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya katani huko Tanga, hadi 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi ya kusaka vibarua iliyoitwa SILABU. Kwa hiyo nguvu kazi ya huku ikakuza uchumi wa kule, na mimi naona hoja hii ndo inaonyesha umeelewa kwamba uhamiaji una upande unaojaa na upande unaopungukiwa.

Likija la Uingereza weka Manchester, pamba, na Waairishi waliokimbia njaa iliyoanza 1845, maswali ni yaleyale manne.