Kabla ya kukata tiketi, tazama mwezi: somo la safari ya kayaki Mida

Wengi wetu katika kundi hili la kayaki hapa Nairobi hupanga wikendi kwa kufuata mshahara. Kwa safari ya Mida, lile hori la mikoko karibu na Watamu, mwezi wa kufuata ni ule wa angani.

Hatua ya kwanza, na ndiyo kubwa: chagua siku. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Pwani yetu, siku za maji mafu bahari hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Siku za bamvua, muda huohuo ndipo inapokuwa imepwa, kwa hiyo chagua maji mafu. Safari moja tulifuata likizo bila kuangalia maji. Asubuhi tukakwama kwenye tope katikati ya mikoko hadi alasiri, juani, na mwenzetu mmoja akazidiwa. Tarehe niliichagua mimi. Sitaki mtu mwingine apitie hayo.

Soma jedwali la maji la KPA, mamlaka ya bandari, halafu muulize mvuvi wa palepale. Kumbuka maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa za Jumamosi si za Jumapili.

Hatua ya pili: wiki mbili kabla, tukutane bwawani tufanye zoezi la kupinduka. Kila mtu apinduke, atoke, arudi juu ya kayaki akiwa amevaa jaketi la kuokolea. Asiyefanya zoezi hili haji.

Mizigo: ukipanda treni pale Syokimau, mtungi wa gesi hauruhusiwi, tutanunua vya kuwashia moto hukohuko. Leta viatu vya mpira, maana chaza hukata nyayo kama wembe. Acha mifuko ya plastiki, ilipigwa marufuku mwaka 2017. Chupa za maji za kutupa nazo haziruhusiwi hifadhini tangu Juni 2020, basi njoo na dumu lako.

Majini: ingia kama saa mbili kabla ya bahari kujaa, mkondo ukusukume ndani, yakianza kutoka, geuka nayo. Maji hutumia kama saa sita kujaa, lakini nusu yake hupita katika saa mbili za katikati tu. Wakati huo kaa mbali na mlango wa hori, hata kama mikono yako ina nguvu.

Kambi: tafuta mstari wa mwani mkavu ufukweni, alama ya maji yalipofika, kisha upige hema juu zaidi ya hapo. Si chini ya mnazi, nazi haipigi hodi. Na mikoko hatukati, hata kijiti cha kuchokolea moto.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mimi sijui kuogelea. Nibaki Nairobi?
Hapana, dada. Njoo bwawani kwanza. Ukiweza kuelea na jaketi bila kuingiwa na hofu, utapanda kayaki ya watu wawili pamoja na mzoefu.

Kwa nini tusitoke nje ya mwamba, kwenye bahari wazi?
Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, mawimbi ya nje ni makali mno kwa kayaki zetu. Wakati wa kaskazi huwa afadhali, ila kundi hili bado halijafika huko. Niulize tena baada ya safari tatu.

Tukifika na tukute upepo mkali?
Tunashinda kambini tukipika samaki. Nimeshawaambia viongozi wenzangu, na tumekubaliana: mmoja wetu akisema hapana, hakuna anayeingia majini.

Kaka, maji ya kunywa tubebe kiasi gani?
Lita 4 kwa mtu kwa siku, mbali na ya kupikia. Joto la Pwani si la Ngong.