Kurudisha kinundu cha muundi kilichong'oka kwa mtoto kwa njia ya athroskopia

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsimamia daktari kijana aliyekuwa akimfanyia upasuaji wa goti kwa athroskopia, yaani kwa kamera ndogo inayoingizwa kupitia matundu madogo, mtoto aliyeanguka na baiskeli, na maswali aliyoniuliza tukiwa mezani ndiyo yaliyoamua mahali pa kurefusha maelezo. Mvunjiko wenyewe ni wa kinundu kilicho juu ya mfupa wa muundi, pale inapojishika ligamenti msalaba ya mbele, moja ya kano zinazofunga fupaja (mfupa wa paja) na muundi ndani ya goti. Kwa mtu mzima, ligamenti ndiyo hukatika. Kwa mtoto wa miaka 8 hadi 14, mara nyingi hung'oka mfupa ambao haujakomaa, na ligamenti hubaki nzima ingawa imevutika kiasi.

Hatua ya kwanza ni kuisoma vizuri eksirei ya pembeni. Katika mgawanyo wa mivunjiko hii uliotolewa na madaktari Meyers na McKeever mwaka 1959, kipande cha aina ya I hakijasogea na hutosha kufungwa plasta. Cha aina ya II kimeinuka kwa mbele huku nyuma kikiwa bado kimeshika. Cha aina ya III kimeachana kabisa na kitako chake, yaani mahali kilipong'oka. Zaricznyj aliongeza mwaka 1977 aina ya IV, yaani kipande kilichovunjikavunjika. Kwa aina ya II mimi hufyonza damu gotini, hunyoosha goti, kisha hurudia picha. Pengo likibaki, hupanga upasuaji. Kumbuka kwamba sehemu kubwa ya kipande ni gegedu lisiloonekana kwenye eksirei, kwa hiyo utakachokikuta ndani ni kikubwa kuliko ulichokiona. MRI, ikipatikana, huonyesha pia kama meniski, mto wa gegedu ulio ndani ya goti, imechanika.

Hatua ya pili ni kuingia kwa matundu mawili ya mbele, la nje kwa kamera na la ndani kwa vifaa. Osha goti mpaka maji yatoke meupe kabla ya kuamua lolote, weka shinikizo la maji chini, na mguse mtoto kwenye misuli ya shavu la mguu mara kwa mara, kwa kuwa maji yakivujia huko huweza kuibana hata mishipa ya damu ikakosa nafasi.

Hatua ya tatu, kukirudisha kipande, ndiyo inayokula muda, na mpasuaji asiyejua sababu anaweza kukisukuma kipande saa nzima bila mafanikio. Kipande hushuka kwa nyuma, lakini mbele hubaki kimeinuka, na kila ukikiachia kinaruka tena. Karibu kila mara kuna kitu kimeingia chini yake: ligamenti inayounganisha meniski mbili kwa mbele, au pembe ya mbele ya meniski ya ndani. Usiongeze nguvu. Kiinue kipande kabisa kwa kijiti chenye ndoana, tazama chini yake, na uivute mbele tishu iliyonaswa. Ikiwa inarudi kila ukiiachia, pitisha uzi kuizunguka, utoe ncha zake nje ya ngozi, na msaidizi aushikilie mpaka utakapomaliza kufunga. Mimi siikati ligamenti hiyo, kwa sababu ndiyo inayozishikilia meniski kwa mbele. Baada ya hapo kwangua damu iliyoganda kitakoni, na ukichimbe kidogo tu, ili kipande kikae chini kidogo kuliko kilivyokuwa, kwani ligamenti imekwisha kuvutika na ulegevu huo hauna njia nyingine ya kufidiwa. Kisha nyoosha goti lote ukiwa unatazama: kipande kikigonga dari la fupaja, hakijakaa.

Katika kufunga, napendelea nyuzi imara zisizoyeyuka kuliko skrubu. Skrubu hukipasua kipande chembamba, haifai kwa aina ya IV, na mara nyingi hulazimu mtoto arudi mezani ili itolewe. Pitisha nyuzi mbili kwenye shina la ligamenti, karibu kabisa na mfupa, kisha toboa matundu mawili ya takriban milimita 2.4 kutoka upande wa ndani wa mbele ya muundi, moja kila ubavu wa kitako. Yatapita kwenye gegedu la ukuaji, yaani tabaka ambapo mfupa wa mtoto hurefukia, kwa hiyo toboa kila tundu mara moja tu, kwa mwendo wa taratibu. Kwa mtoto ambaye bado ana miaka mingi ya kukua, ni afadhali yabaki juu ya gegedu hilo, ukiongozwa na eksirei ya mezani. Funga fundo juu ya daraja la mfupa lililo kati ya matundu hayo, goti likiwa limekunjwa kama digrii 20.

Gango huvaliwa goti likiwa karibu kunyooka, lakini mazoezi ya kukunja yaanze mapema, kabla ya wiki ya nne, kwa kuwa makovu yanayokaza goti ndiyo madhara yanayojitokeza zaidi. Goti likikaza licha ya mazoezi, usilikunje kwa nguvu chini ya nusukaputi. Yakate makovu kwanza kwa athroskopia, kwa sababu gegedu la ukuaji la fupaja huweza kuvunjika mikononi mwako.