Kutoka mbuta wa Kisumu hadi papa wa Watamu: mambo ya kuzingatia kabla ya safari

Mtu wa Kisumu aliyezoea kuvuta mbuta (sangara) ziwani, akisikia habari za kuvua papa Watamu, pwani ya Kenya, kwanza huuliza bei ya mashua. Heri aanze na swali jingine: nahodha, tukimnasa papa tutamwachiliaje? Jibu likiwa la kubabaisha, tafuta mashua nyingine.

Papa si mbuta. Mbuta jike hutaga mayai kwa mamilioni. Papa huchelewa kupevuka na wanawe ni wachache. Tena hana kifua cha mbavu cha kukinga viungo vya ndani, kwa hiyo ukimning'iniza upate picha, waweza kumuumiza vibaya hata kama ataogelea kwenda zake. Apigwe picha akiwa majini, ubavuni mwa mashua. Papa hai ndani ya mashua ni hatari kwenu pia.

Ulizia ndoana za mviringo. Hizo mara nyingi hushika pembeni mwa mdomo, ni nadra kumezwa hadi tumboni. Ziwe za chuma kinachoshika kutu, ili ikibaki mdomoni iliwe na kutu. Mbele ya mshipi lazima kuwe na waya, maana meno na ngozi ya papa hukata nailoni upesi. Na waya huo usiuzungushe mkononi kamwe. Koleo la kuukatia likae karibu. Mshipi mwembamba, wanaousifu kuwa ndio uanamichezo, mimi naona ni ukatili: pambano hurefuka, na papa wa kichwa cha nyundo hasa hufa kwa uchovu hata baada ya kuachiliwa.

Panga safari wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Kusi ikikolea, bahari huchafuka na mashua nyingi hazitoki. Ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya Watamu, iliyotengwa 1968, hakuna kuvua. Papa shilingi, yule mkubwa mno mwenye madoadoa, mwacheni apite. Watamu ndiko makao ya shirika la African Billfish Foundation, wanaosimamia kuwatia samaki alama kabla ya kuwaachilia. Uliza kama mashua yenu hubeba alama hizo.

Dawa ya kichefuchefu imeze kabla ya kupanda, hata kama umekulia Dunga, ufukweni mwa ziwa. Mawimbi ya ziwa ni mafupi. Ya bahari hukuinua na kukushusha kutwa nzima. Fimbo na rili zako za ziwani ziache nyumbani, chumvi itazila bure, na za mashua huwa zimo katika bei.