Rangi ya magamba ya nyoka kwenye bunduki: tafuta wavu wa kufulia

Kwa wale wa Marekani mnaowinda na mnataka raifo ifanane na ngozi ya chatu, wala usihangaike na stensili (vibao vya kuchorea michoro) za bei, chukua ule mfuko wa wavu wa kufulia nguo, basi. Kwanza toa magazini (kile kibebeo cha risasi), angalia chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na kwa kidole kwamba hamna risasi, halafu futa mafuta yote na spiriti maana rangi haishiki kwenye mafuta, hapa ndo wengi wanapobugi. Ziba na tepu ya karatasi mdomo wa mtutu, lenzi za darubini, triga na serial namba. Piga rangi ya mchanga isiyong'aa kwanza, kopo la kupulizia likae kama sm 25 hivi kutoka kwenye bunduki, tabaka nyepesi nyepesi, iache ikauke kabisaa. Ndo uvalishe wavu, uvute ubane vizuri kabisa kwa sababu ukilegea magamba yanatoka kama ukungu tu, kisha gusia kijani na kahawia hapa na pale, usijaze. Kutoa wavu unyanyue juu, usiburute. Na kwenye plastiki usipitishe asetoni, inaila.