Jinsi ya kupika mkunga wa nazi, hatua kwa hatua

Napika samaki hapa Mtwara na bado kuna watu wanamkimbia mkunga wakidhani ni nyoka. Mkunga ni samaki jamani, anapumua kwa matamvua, ana pezi refu limeanzia mgongoni mpaka mkiani, anakaa kwenye mashimo ya miamba kama pweza, ndo maana wachokoa pweza wa Msimbati na Mikindani wanakutana nae sana maji ya bamvua, yale yanayokupwa mbali. Nyama yake nyeupe, laini, ina protini ya kutosha na vitamini B12 na yale mafuta ya omega 3, sasa mtoto akila hicho na ugali unataka nini tena?

Hatua ya kwanza ni kuchagua. Chukua wa saizi ya kati, aliyevuliwa siku hiyo hiyo, macho maangavu, ukimbonyeza nyama inarudi. Yale makubwa mno mi sinunui hata nikiuziwa bei ya kutupa, maana mkunga anakula samaki wenzie wa kwenye mwamba na sumu za huko zinajikusanya mwilini mwake, na hiyo sumu haitoki hata uchemshe mpaka kesho.

Ya pili ndo kazi yenyewe, utelezi. Hana magamba, ana ute mzito ambao usipoutoa mchuzi wote unanuka shombo halafu unasema mkunga mbaya. Mpake majivu ya jikoni au chumvi ya mawe, msugue kwa gunia kuanzia kichwani kwenda mkiani, ute utatoka mweupe unavutika, mwagia maji, rudia tena mpaka mkono ukishika ngozi haukimbii. Malizia na ndimu. Kama una kidonda mkononi vaa glovu, na usijifute macho, damu yake mbichi ina sumu, ila hiyo moto unaimaliza kwa hiyo lazima aive kabisa.

Mpasue tumboni, toa matumbo na ini vyote tupa, kata kichwa. Halafu angalia kile kitundu cha haja, kuanzia hapo kwenda mbele nyama ina miiba michache, hiyo ndo ya kupika, kata vipande vya vidole vitatu. Mkia weka pembeni.

Vipande vipake chumvi, ndimu, kitunguu swaumu na pilipili, viache kama nusu saa, kisha vibanike kwenye makaa yasiyo makali mpaka ngozi ikauke na mafuta yaanze kudondoka. Usiruke hapa, ukiweka mbichi kwenye nazi atavurugika.

Kaanga kitunguu na nyanya, tia bizari kidogo, mimina tui jepesi, weka embe bichi (ukwaju pia sawa), likichemka panga samaki. Dakika 10 hivi, kisha tui zito, hapo punguza moto na utikise sufuria, usikoroge na mwiko. Likianza kutokota tu epua. Mi nampendea na ugali wa muhogo, wali nao unaenda.

Na ule mkia una miiba midogo midogo kibao, usimpe mtoto. Uchemshe na tangawizi na ndimu mpaka nyama iachane, chuja kwa chujio la chai, unapata supu nzito ya asubuhi.