Nondo mwenye jicho bandia: jinsi ya kumjua kwenye msitu wa Mabira, Uganda

Ukipita Mabira pale barabara ya Kampala–Jinja halafu uingie ndani kidogo, angalia chini kwenye majani makavu na kwenye mashina yenye kivuli, maana mchana nondo huyu, jina lake la kisayansi Cyligramma latona, analala hapo na kusema kweli utamkanyaga kabla hujamuona. Usitafute mdudu, tafuta mstari. Ana mstari wa rangi ya krimu unaoanzia bawa la mbele unaendelea mpaka la nyuma bila kukatika, yaani mabawa yakitandazwa unapita kote kote, na huo ndo unamtoa kwenye majani. Halafu cheki bawa la mbele kuna duara kama jicho, moja kila upande, mengine yote ni kahawia tu.

Papasi zake nyembamba kama uzi, hazina kirungu mwishoni kama za kipepeo. Na hafungi mabawa juu ya mgongo, anayalaza bapa.

Akishtuka anaruka mbio, anatua karibu, we ganda kwanza, fuata kwa macho alipotua ndo usogee polepole upige picha kutoka juu.

Usiku rahisi zaidi: ponda ndizi zilizoiva sana, changanya na tonto (pombe ya ndizi) kidogo, paka kwenye shina jioni, rudi na tochi ya simu giza likiingia. Siafu nao wanaweza kuwepo, vaa gambuti. Usimshike, vumbi la mabawa ni magamba yake na yakitoka hayaoti tena.