Klachi ya Porsche 944 hufikiwa kutokea nyuma

Fundi wa Unguja aliyezoea magari ambayo giaboksi yake imeungana na injini hushangazwa na Porsche 944, kwani injini yake iko mbele, giaboksi iko nyuma pamoja na difu, na baina yao limepita bomba refu lenye shafti ndani, ilhali klachi yenyewe imebaki mbele, mgongoni mwa injini. Kwa hiyo, ili kuifikia, huna budi kuondoa ekzosi, kushusha giaboksi, kisha kulivuta nyuma bomba hilo. Kwa hewa yetu ya chumvi, nati za ekzosi zipulizie mafuta ya kutu tangu jana yake.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni zile sensa mbili zinazosoma mzunguko wa injini, zilizo juu ya nyumba ya klachi: zing'oe mapema na kwa upole, maana plastiki yake hukauka na kumeguka, na wakati wa kurudisha uache nafasi ya takriban milimita 0.8 kati ya sensa na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), la sivyo injini inaweza kukataa kuwaka.

Ikiwa pleti ya zamani ya klachi ina mpira katikati, chagua mpya yenye springi, kwani mpira ule huchanika na gari likapoteza mwendo ghafla. Beringi ya klachi na sili ya nyuma ya krenki (inayozuia oili ya injini kuvuja) zibadilishwe papo hapo, na vyote viagizwe kabla ya kufungua bolti ya kwanza, kwani si vipuri vya kuokota sokoni Darajani.